Turbo au supacharja? Neno kwa wenye pikapu wa Mwanza

Siku hizi mteja anafika gereji kwetu Nyakato na picha kwenye simu: V8 ya Kimarekani, supacharja imechomoza juu ya boneti kama jiko la mkaa. "Fundi, nifungie hii." Gari yenyewe ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ inayopakia dagaa Mwaloni. Kabla sijashika spana namuuliza mawili: injini ni ya dizeli au petroli, na kutwa nzima inafanya kazi mjini au barabarani na mzigo? Majibu yake ndiyo yanayochagua. Picha airudishe mfukoni.

Mashine zote mbili zinasukuma hewa nyingi zaidi kwenye silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue. Supacharja inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo ukikanyaga tu, hewa iko tayari. Ila mkanda huo unakula nguvu ya injini ileile unayotaka kuiongeza. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Si bure kabisa, maana moshi unabanwa njiani, na inachelewa kidogo kuamka, lakini wese linakwenda mbali zaidi.

Sisi wa kanda ya ziwa tuna jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuliwaza. Ziwa liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu ni karibu asilimia 88 ya lile la pwani. Ndiyo maana 1HZ isiyo na turbo inapanda Bugando au Isamilo ikinung'unika hata kama ni nzima. Turbo inafidia yenyewe: vali yake ya kupitisha moshi pembeni haifunguki mpaka presha uliyoipanga ifike, hivyo inazunguka kasi zaidi hadi ifike. Supacharja haina ujanja huo, inafuata ukubwa wa puli yake. Seti inayotoa paundi 7 za presha pwani, hapa geji itasoma kama 6.

Kwa dizeli simung'unyi maneno: turbo. Dizeli ya kawaida haizuiwi hewa mlangoni kama petroli, inavuta hewa yote muda wote, kwa hiyo supacharja ingekula nguvu ya mkanda hata unapotembea taratibu. Utasikia mzee akikutajia zile Detroit Diesel za zamani. Kweli zilikuwa na kipulizi cha kuzungushwa na injini, lakini ni za mipigo miwili, na kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza moshi silindani.

Sasa 1HZ, maana ndiyo imejaa hapa. Ni dizeli ya lita 4.2, mgandamizo wake, yaani jinsi silinda inavyoibana hewa, ni 22.4 kwa 1, na haikuundwa kwa ajili ya turbo. Toyota walipotengeneza ndugu yake wa turbo, 1HD-T, waliushusha mgandamizo hadi 18.6 kwa 1. Kwa hiyo usiniombe paundi 15. Naishia 7, na mteja akinibembeleza sana, 8. Tena elewa kinachoiua: ni dizeli ya ziada. Hewa ikiongezeka peke yake, moshi unapoa. Balaa linaanza pale mwenye gari anapopitia kwa fundi wa pampu na kumwambia "fungua kidogo ivute." Moshi unakuwa mweusi, joto linapanda, na baadaye tunazungumza habari za pistoni iliyoyeyuka na hedi iliyopasuka.

Kwa hiyo geji ya joto la moshi inafungwa kwanza, pampu inaguswa baadaye. Kihisi chake kikae kwenye manifoldi, kabla ya turbo. Kikikaa baada ya turbo kitakupa namba ya kukufariji tu. Ukiona inakaribia nyuzi 700 za Selsiasi mlimani, toa mguu, shusha gia. Na ujaribu gari ikiwa na mzigo wake wa kweli, toka Mwaloni mpaka Usagara. Kuikimbiza tupu barabara ya Makongoro hakukuambii kitu.

Mwenye Hilux yenye injini ya dizeli iitwayo 5L, kaa chini upige hesabu kabla hujanunua chochote: turbo, manifoldi, paipu, intakula ya kupooza hewa, klachi ngumu zaidi, rejeta iliyo safi. Ukijumlisha, injini ya mtumba iliyotoka kiwandani na turbo inaanza kupendeza. 1KZ ni mojawapo, ingawa nayo ikichemka mara moja hedi inapasuka, kwa hiyo ikague kabla ya kulipa.

Supacharja inapata haki yake kwenye petroli, hasa V6 ya 1GR-FE ya lita 4.0, kwa mtu anayezunguka mjini, anasimama na kuondoka Kenyatta huku bodaboda zikimkata mbele. Inavuta tangu chini, na kuifunga hakuhitaji kubomoa njia ya ekzosi. Toyota Australia waliuza Hilux ya TRD yenye injini hiyo na supacharja mwaka 2008: kilowati 225 badala ya 175. Ila mtafute kwanza mtu wa kupanga kompyuta ya injini, ndipo ununue mashine. Mgandamizo wa 10 kwa 1 ukiongezewa hewa bila kurudisha nyuma muda wa cheche, injini inagonga, na injini inayogonga haina siku nyingi.

Turbo mbili? V8 ya dizeli ya 1VD-FTV, lita 4.5, ilipewa mbili kwenye Land Cruiser 200 ya wakubwa na moja tu kwenye pikapu ya 79. Nawafuata Toyota. Kwa gari la mzigo, moja ndogo inayoamka mapema inatosha.

Ukishafunga, usicheze na chujio la hewa. Gurudumu la turbo linapita mizunguko 100,000 kwa dakika, na mchanga wa mialoni unalila mapanga. Ukimaliza mlima na mzigo, iache injini ingurume dakika mbili kabla ya kuzima, oili isiungue kwenye beringi. Baada ya wiki ya kwanza rudi, tukaze bolti za manifoldi zikiwa baridi na tukague paipu ya oili inayorudi.