Kununua gorofa ya nyumba ya kale inayotazama bahari mjini Lamu

Wanunuzi wengi huanza na roshani, upepo na kisiwa cha Manda kinachoonekana ng'ambo ya mkondo. Kwenye mji huu, hivyo ndivyo pesa zinavyopotea. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, au ya ukingo wa bahari kwa kawaida ni mali ya watu wengi, na aliyekukaribisha ndani huenda ni mmoja wao tu. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: wenye mali kwanza, kisha hati, kisha masharti ya mji wa kale, ndipo uite fundi. Usitoe arbuni, hata kidogo, kabla hujamaliza hati.

Warithi

Ni jambo la kawaida hati kubaki na jina la babu aliyekufa zamani, huku nyumba ikirithiwa mara mbili au tatu bila kuandikishwa upya. Chukua mfano mwepesi. Mwenye nyumba alikufa akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki hugawanywa kila mwana akipata mara mbili ya binti. Nyumba basi ina mafungu 8: mke 1, kila binti 1, kila mwana 2. Ndugu wawili wa kiume wakikuuzia kwa sahihi zao wenyewe, umelipia nyumba nzima na umepata nusu. Akiwa binti mmoja naye amekufa na kuacha watoto, fungu lake limeshagawanyika tena.

Dai uamuzi wa Mahakama ya Kadhi unaotaja kila mrithi na fungu lake, pamoja na hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Msimamizi ambaye hati yake haijathibitishwa hana ruhusa ya kuuza mali isiyohamishika. Mrithi aliye Mombasa au Arabuni anaweza kuwakilishwa, lakini hati yake ya uwakilishi lazima iwe imesajiliwa. Ujumbe wa simu wa "mimi sina neno" hautoshi. Na kama muuzaji ana mke au mume, pata idhini yake kwa maandishi.

Uliza pia kama nyumba ni wakfu. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa msikiti au kwa kizazi cha mtu haiuzwi kama mali ya kawaida, hata wanaoishi ndani wakikubaliana wote. Waulize wazee wa mtaa na imamu wa msikiti ulio karibu, kisha wakili wako aandikie Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa.

Hati, na gorofa iliyo juu ya kichwa cha mwingine

Fanya upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi. Unatafuta mambo manne: jina la mmiliki, kama ni milki huru au ya kukodi na miaka iliyobaki, kama kuna mkopo uliowekewa dhamana, na kama kuna zuio lolote. Rudia upekuzi siku unapolipa salio.

Lamu kuna mazoea ya zamani ya familia kugawana nyumba kwa tabaka, wa chini fulani na wa juu fulani, kwa karatasi iliyoshuhudiwa na wazee. Karatasi hiyo ina heshima yake, lakini si hati miliki. Njia madhubuti leo ni Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020: mpima ardhi aliyesajiliwa huchora ramani ya sehemu, kila gorofa ikapata hati yake, na wenye sehemu wote wakaunda shirika moja linalosimamia vya pamoja. Kama kiwanja ni cha kukodi, lazima kiwe kimebakiza miaka isiyopungua 21. Muuzaji asipokuwa na ramani hiyo, kubalianeni kwenye mkataba kwamba ni yeye atakayeilipia na kuisajili, na kwamba bila ya hivyo mauzo yanavunjika na arbuni inarudi.

Vya pamoja viandikwe kimoja kimoja: paa, ngazi, kiwanda (ua) cha ndani, kisima, shimo la choo, mlango mkuu. Paa ndilo chanzo cha ugomvi mwingi, maana likivuja anayeumia ni wa juu, na wa chini huona halimhusu. Wikio nalo lina utata wake: chumba kilichovuka juu ya kichochoro kikaunga nyumba mbili. Ardhi iliyo chini yake ni njia ya watu, kwa hiyo huenda kisionekane kabisa kwenye ramani ya kiwanja chako, ingawa umeonyeshwa kama chumba cha kulala.

Upande wa bahari, ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma kwa mujibu wa Katiba. Usilipie gati, ngazi wala baraza iliyojengwa hapo. Asiye raia wa Kenya hupata milki ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99.

Gharama za kawaida: arbuni ya asilimia 10 ikae kwa wakili, salio ndani ya siku 90, ushuru wa stempu asilimia 4 ndani ya manispaa au 2 nje yake, ukipigwa kwa thamani ya mthamini wa serikali. Muuzaji ndiye anayelipa kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023. Dai cheti cha kutodaiwa kodi ya kiwanja na kaunti.

Mji wa kale

Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kabla ya kubadilisha dirisha, mlango au paa unahitaji kibali cha kaunti na ridhaa ya Makavazi ya Kitaifa. Omba kuonyeshwa vibali vya kazi zilizokwisha kufanywa. Gorofa iliyoongezwa bila kibali inahamia kwako pamoja na kesi yake.

Ukuta na boriti

Njoo wakati wa mvua za masika, na siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, yakiwa yamejaa. Kiangazi huficha kila kitu.

Dari hubebwa na boriti za mikoko, nazo hazivuki zaidi ya takriban mita 3. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, na ndiyo sababu ukuta wa katikati hauvunjwi ili kupata sebule pana. Boriti huozea kichwani, pale inapoingia ukutani. Chomeka bisibisi hapo, hasa chini ya choo cha gorofa ya juu na chini ya mifereji ya paa. Ikizama bila nguvu, boriti hiyo imekwisha, na jirani zake ziko njiani. Tazama pia vijia vya udongo vya mchwa.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa, chumvi huganda nyuma ya lipu, kisha lipu hubanduka vipande vipande huku boriti zikilowa. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: mlio wa uwazi ni lipu iliyoachia. Rangi mbichi futi moja au mbili juu ya sakafu ni ya kutiliwa shaka. Teremsha timazi kutoka juu ya ukuta wa mbele, upime umbali juu na chini. Ukiona ukuta umeinama nje na pengo limeanza kati yake na sakafu, muite mhandisi kabla ya kuendelea na bei.

Pima umbali kati ya kisima na shimo la choo, na uulize maji ya bomba, yatokayo visima vya Shela, hufika kwenye gorofa hiyo siku ngapi kwa wiki. Halafu hesabu usafirishaji. Chokaa na mchanga hushuka Mokowe, gati la upande wa bara, huvuka kwa chombo, kisha hubebwa na punda hadi mlangoni. Boriti huuzwa kwa korija, yaani miti 20. Fundi akikupa bei ya ukarabati, hakikisha imeandikwa ni ya vifaa vilivyofika ndani ya nyumba, si vilivyoko gatini.