Mkenya Unayetaka Kuendesha Warsha za Picha Serengeti: Anzia Hapa

Wapiga picha wengi wa Nairobi waliozoea Maasai Mara hufikiri kuhamia Serengeti ni kuvuka mpaka tu na wageni wao. Nyika ni moja na nyumbu ni wale wale, lakini sheria ni nyingine. Ninaendesha warsha huko, na ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo hili: wewe uza ualimu wako, na safari yenyewe mwachie Mtanzania mwenye leseni.

Hatua ya 1: Jua usichoruhusiwa kufanya

Magari ya utalii ya Kenya hayaingii hifadhi za Tanzania. Njia ya mkato ya Bologonja, kati ya Mara na Serengeti, imefungwa kwa watalii tangu 1977. Kwa hiyo mnapitia Namanga: mnashuka kwenye gari la Kenya, mnagongewa mihuri, mnapanda gari la Tanzania. Kuongoza watalii nako ni kazi ya raia. Amri ya Tanzania ya 2025 inayozuia wasio raia kufanya biashara kadhaa imeitaja waziwazi. Tena, Mkenya kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi ya malipo. Kibali chako cha kazi kishughulikiwe mapema kupitia mshirika wako wa Tanzania, na usikubali kuambiwa "tutamalizana mpakani".

Hatua ya 2: Tafuta mshirika Arusha

Nenda mwenyewe. Omba kuona leseni ya utalii ya mwaka huu, kagua magari, kisha ukae na dereva atakayewabeba. Huyu dereva ndiye nusu ya warsha yako. Muulize: jua likiwa nyuma ya simba, utasimamisha gari wapi? Anayekujibu kwa kuanza na mwanga, mshike. Anayekujibu kwa kukuhakikishia atasogea karibu kabisa, mwache.

Andikianeni mkataba unaosema nani analipa ada, nani anarudisha pesa safari ikivunjika, na gari likiharibika porini lingine litatoka wapi.

Hatua ya 3: Chagua msimu mmoja

Kwa kuanzia napendekeza Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa Februari. Nyumbu huzaa kwenye nyanda za nyasi fupi zilizorutubishwa na majivu ya volkano, na ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache tu. Duma na fisi hawako mbali. Nyumbu kuvuka Mto Mara kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kati ya Julai na Oktoba, kunavutia wateja zaidi, lakini mnaweza kukaa ukingoni kutwa nzima nyumbu wasivuke. Kwa mwalimu mgeni, Ndutu ina kazi ya kufundishia kila saa.

Angalia mipaka, maana hapo ndipo pesa huvuja. Upande mkubwa wa Ndutu uko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, na ukiingia Serengeti unalipia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kando, kibali cha saa 24. Ukigongewa saa nne asubuhi lango la Naabi Hill, kesho saa nne uwe umetoka. Upande wa Ngorongoro, wakati wa uzazi, magari huruhusiwa kuacha barabara kwa masharti; Seronera, katikati ya Serengeti, hairuhusiwi. Droni iache nyumbani.

Hatua ya 4: Viti

Land Cruiser ya paa la kuinuka hubeba watu sita au saba. Wewe chukua wanafunzi watatu, wanne wakizidi, kila mmoja awe na dirisha pande zote mbili au safu yake. Watano wakiwamo, mmoja atapiga kisogo cha mwenzake, naye ndiye atakayewasimulia watu kuhusu warsha yako.

Mifuko ya kuegemeza lenzi isafiri mitupu. Mchele wa kuijaza nunua sokoni Arusha, na mwisho wa safari mpe dereva.

Hatua ya 5: Bei

Gharama zisizobadilika, yaani gari, dereva, malazi yako na ujira wako, zigawe kwa watu watatu hata kama viti ni vinne. Tuseme zimefika dola 4,500: kila mwanafunzi abebe 1,500, halafu juu yake ongeza ada za hifadhi, chakula na malazi yake mwenyewe. Wa nne akija, hiyo ndiyo akiba ya dharura. Ujira wako usiuache mwisho "tuone kitakachobaki", hakuna kitakachobaki.

Hatua ya 6: Siku ya kazi

Laleni karibu na wanyama, maana mwanga mzuri huisha mapema sana baada ya jua kuchomoza na foleni ya lango huula wote. Injini izimwe kabla ya kupiga, kwani mtetemo wake unaharibu picha. Anza na kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde kwa duma anayekimbia, wakishaimudu washushe hadi 1/30, wamfuatishe nyumbu kwa kamera mpaka mandhari iwe michirizi. Duma huwinda mchana. Akianza kunyata, gari lisimame hapo hapo lilipo, hata kama picha itapotea. Waambie hivyo kabla hawajalipa.

Mchana, jua likiwa kali, kaeni kambini na kompyuta. Kila mtu aonyeshe picha tano, zikiwamo mbili zilizomshinda. Hapa ndipo watu hujifunza, kwa hiyo usikubali kambi isiyo na umeme wa kuaminika saa hizo.

Hatua ya 7: Wateja wa kwanza

Anza na waliokwisha kufundishwa nawe Nairobi. Tangaza kwa picha ulizopiga wewe, mahali hapo, msimu huo huo. Amana ipokewe kabla hujailipa kambi, na tarehe ya mwisho ya kughairi upande wako itangulie ile ya kambi kwa wiki mbili.