Darubini ya bunduki ya semi: angalia namba ya chini kabla ya ile ya juu

Mtu akishapata bunduki yake ya semi-otomatiki ya shabaha, swali la kwanza huwa "hii darubini inavuta mara ngapi", na ukimwambia 10 anakunja uso, anataka 25, ikiwezekana 30. Mi ushauri wangu ni tofauti kidogo, soma kwanza namba ya chini. Darubini ikiandikwa 5-25x56 maana yake inavuta kuanzia mara 5 mpaka mara 25 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 56, sasa hiyo 5 ndo itakayokubana au kukuokoa siku ukitaka kuhamia shabaha nyingine haraka.

Kwa nini semi ni habari nyingine? Bunduki ya bolti, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, ukishapiga unafungua, unafunga, unatulia, muda upo. Semi inarusha ganda na kuingiza risasi mpya kabla hujapepesa jicho, na mule ndani kuna chuma kizito kinachorudi nyuma kisha kinajipigiza mbele, kwa hiyo picha inacheza mara mbili kwa kila risasi. Ukiwa umevuta 25, upana unaouona kwa mita 100 ni kama mita moja na nusu tu, bunduki ikiruka shabaha imeshatoka kwenye lenzi na hujui umepiga juu, chini au umekosa kabisa. Shusha mpaka 10 unapata kama mita tatu na nusu hadi nne, hapo unaona vumbi lilipotimka unasahihisha mwenyewe bila kumuuliza mtu pembeni. Faida kubwa ya semi ni hiyo risasi ya pili ya haraka, na usipoona ya kwanza ilipoangukia basi ya pili unaitupa tu.

Halafu kuna joto. Ukimaliza magazini moja kwa mwendo wa haraka mtutu unaanza kutoa mvuke wa joto mbele ya lenzi, na zumu kubwa inaukuza huo mvuke pamoja na shabaha, picha inaogelea. Watu wanalalamika lenzi mbovu kumbe wangeshusha tu mpaka 10 au 12 picha ingetulia.

Na mwanga. Chukua upana wa lenzi ya mbele gawa kwa zumu, unapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho. Lenzi ya 50 ukiwa 25 unapata milimita 2, mchana inatosha kwa sababu mboni yenyewe imejibana, ila jioni mboni inapanuka milimita 5 au zaidi na hizo 2 zinakupa picha ya giza, wakati ukishusha 10 unapata 5 na kila kitu kinarudi. Tena huo mwanga ukiwa mwembamba kichwa kikisogea kidogo tu unaona kivuli cheusi kinaingia pembeni, na kwa bunduki inayorukaruka hiyo ni kero kweli.

Sasa unahitaji zumu kiasi gani? Hesabu rahisi ni umbali gawa kwa zumu. Mita 600 kwa zumu ya 12 ni kama kuangalia kwa macho matupu mita 50. Sahani ya chuma ya sentimita 40 kwa mita 50 nani haioni? Dragunov, bunduki ya Kisovieti, iliingia jeshini mwaka 1963, ni semi, na darubini yake PSO-1 ni 4x24, yaani mita 600 hiyohiyo unaiona kama 150, na watu wamefanya nayo kazi miaka yote. Sisemi ununue ya mara 4, nasema tu usiogope namba ndogo.

Kama unapiga mpaka mita 300 hivi na unahamahama, 1-6 au 1-8 inatosha, ila kumbuka lenzi yake ni 24 tu kwa hiyo ukiwa 8 unabaki na milimita 3 za mwanga. Kama unalala chini au uko mezani, shabaha ni karatasi na unataka kuona matundu, au unakimbiza kilomita moja na kaliba kama 6.5 Creedmoor, haya chukua 5-25, ila ujue ukishafunga na maunti, kile chuma kinachoishikiza kwenye bunduki, uzito unapita kilo moja na bunduki inakuwa nzito juu. Kwa wengi waliobaki, kuanzia mita 100 mpaka 800, mi naenda na 2-10, 3-15 au 3-18 bila kufikiria sana.

Msalaba, ile mistari ya kulengea unayoiona ndani ya darubini, nao una mambo yake. Kuna darubini ambazo ukizumu msalaba unakua pamoja na picha, vipimo vyake viko sahihi kwenye zumu yoyote, na kuna zile ambazo msalaba haubadiliki ukubwa, hizo vipimo viko sahihi kwenye zumu moja tu, mara nyingi ile ya juu kabisa. Kwenye hiyo ya pili, ukiwa na ya mpaka 24 ukashusha 12, alama ya mil 1 (mil ni kipimo cha pembe) sasa inapima mil 2, na kwenye presha utasahau, lazima. Kwa semi ambayo zumu unaichezea kila saa chukua unaokua. Ubaya wake ni kwamba ukishusha chini kabisa msalaba unakuwa mwembamba kama uzi, kwa hiyo ukiwa dukani uangalie ukiwa kwenye namba ya chini, na uwashe taa yake uone kama inasaidia mchana.

Mil au MOA (nayo ni kipimo cha pembe) ni wewe tu, muhimu kitufe cha kurekebishia na msalaba viwe lugha moja. Kliki, yaani hatua moja ya kitufe hicho, ikiwa ya mil 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100, kwa mita 300 ni sentimita 3, wakati robo MOA ni kama milimita 7 kwa mita 100. Umepiga chini sentimita 7 kwenye mita 100, unapandisha kliki 7 za mil, kwisha.

Ukishavuka zumu ya 10 tafuta yenye kitufe cha paralaksi pembeni, cha kuzuia msalaba usionekane kuhama ukisogeza kichwa. Kuijaribu, egemeza bunduki isitikisike, usiiguse, sogeza kichwa juu chini, kama msalaba unateleza juu ya shabaha zungusha kitufe mpaka utulie.

Kufunga, kwanza toa magazini, hakikisha chemba iko tupu. Reli ya juu ya semi nyingi za aina ya AR (kama AR-15) ni fupi, kwa hiyo tumia maunti ya kipande kimoja inayosukuma darubini mbele, usije ukaweka ringi moja (pete inayoshika darubini) kwenye mwili wa bunduki na nyingine kwenye kishikio cha mbele, kile kinapinda ukikiegemeza na zero, yaani pale ulipolinganisha msalaba na risasi, inahama. Kimo kutoka reli mpaka katikati ya darubini mara nyingi ni kama milimita 38, na angalia lenzi ya nyuma isizibe mkono wa kukokea. Umbali wa jicho, kama sentimita 8 mpaka 10, upange ukiwa kwenye zumu ya juu maana huko ndo kubana zaidi: fumba macho, weka shavu unavyoliwekaga siku zote, fumbua, kama kuna kivuli sogeza darubini na siyo shingo. Skrubu za ringi fuata namba ya mtengenezaji wa maunti, nyingi ziko karibu Nm 2 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ukikaza kwa hasira unaminya bomba.

Mwisho ijaribu kabla hujaiamini. Pima mita 100 kwa tepu, siyo kwa hatua, simamisha ubao wenye mstari wa wima wa mita moja, funga bunduki isisogee, weka msalaba kwenye ncha ya juu ya mstari kisha pandisha mil 10, utauona unashuka. Msalaba utembee mita moja kamili bila kutoka kwenye mstari. Ukienda pembeni umefunga darubini imelala, ukipungua sentimita 3 basi kila kliki inakudanganya asilimia 3 na utaiona mita 700. Rudisha kliki zote, piga risasi chache za haraka, kisha tatu za taratibu, kama kundi la matundu limehama kagua skrubu za maunti kwanza, na zikiwa sawa darubini irudi dukani.