Unataka kufungua mgahawa Pangani? Anza na bwana afya kabla ya fundi

Habari zenu. Watu wengi wanaofungua mgahawa kwenye miji midogo ya pwani kama huku kwetu Pangani wanaanza na fundi. Mtu anapata frem au kipande cha kiwanja, anapiga bati, anapaka rangi, ananunua viti vya plastiki na friji na jiko la gesi, afu ikibaki wiki moja kufungua ndo anakumbuka kuna mambo ya vibali. Bwana afya anakuja anatazama, anasema choo kimekaa karibu mno na kisima na jiko halina pa kutolea maji machafu, na hapo ukuta umeshapanda na mtaji umeshakata. Hela ya kubomoa inauma kuliko hela ya leseni, kwaiyo kama ndo unajipanga sasa hivi soma hii kwanza.

Kabla hujanunua hata msumari nenda ofisi ya afya pale halmashauri, au muulize mtendaji wa kata wako afisa afya wa kata ni nani, mwambie nataka kuuza chakula sehemu fulani naomba uje uone eneo. Basi. Wengi wanaogopa, wanadhani ukimwita bwana afya mapema umejichongea, lakini yeye akija wakati eneo bado tupu anakuja kukuelekeza, akija umeshafungua anakuja kukukagua, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Nenda na daftari uandike anachosema, mana mtu akisema choo kihamie upande wa pili na wewe umeandika na tarehe, hata akija mwingine baadae una pa kuanzia.

Sasa eneo lenyewe. Huku pwani kila mtu anataka kukaa karibu na maji, mteja ale samaki anaangalia bahari, ni jambo zuri, ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na inagusa kingo za mto pia, kwaiyo wale wa upande wa mto Pangani msijione mko salama kwa sababu hamjakaa baharini. Ukiona banda la mtu limekaa hapo miaka na miaka usilifanye kigezo, hujui ana makaratasi gani au anasubiri notisi gani. Na kama unataka kupanga nyumba ya zamani ya mawe, zile za mji mkongwe, uliza kwanza halmashauri kabla hujatoboa ukuta au kubadilisha paa, mana majengo ya kale yana sheria yake na mwenye nyumba wakati mwingine hakwambii anachotaka yeye ni kodi tu.

Kitu kinachowaangusha wengi ni choo na kisima. Ardhi yetu ni mchanga na matumbawe, maji yako juu, ukichimba kidogo tu unayakuta, na hiyo maana yake uchafu wa shimo la choo nao hauna safari ndefu kuyafikia. Kipimo kinachotajwa sana ni mita 30 kati ya choo na kisima, na angalia na mwelekeo wa maji, kisima kikae upande wa juu choo upande wa chini. Kwenye viwanja vyetu vilivyobanana mita 30 huipati kirahisi, ndo mana nasema mlete mtu aone kabla, anaweza kukwambia kisima hicho tumia kwa kumwagilia na kudekia tu, ya kupikia na kunywa vuta ya bomba weka simtanki lenye mfuniko. Hesabu na kisima cha jirani pia! Choo chako kinaweza kuwa mbali na kisima chako lakini kiko mgongoni mwa kisima cha jirani.

Jikoni bwana afya anaangalia vitu ambavyo havihitaji hela nyingi. Sakafu ya saruji inayodekika, ukuta laini unaofutika uliopakwa rangi ya kung'aa ili uchafu uonekane, dirisha lina wavu, moshi una pa kutokea. Kama umeezeka makuti, sehemu ya jiko weka bati au dari, masizi na vipande vya makuti vinadondokea sufuriani na moto nao hausubiri, na zimamoto watakuuliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Kichanja cha vyombo ni lazima, chenye urefu wa kumfika mtu kiunoni, vyombo vikauke juani, visifutwe na lile tambara moja linalofuta meza na mikono na jasho. Maji ya kuoshea vyombo yawe na shimo lake la kunyonya, lenye mawe na limefunikwa, usiyamwage njiani yakatuama mbu wakazaliana. Pipa la taka liwe na mfuniko, na mje na mpango wa anayezoa, msiseme tutaona.

Pa kunawia mikono pawepo sehemu mbili, ya wateja na ya wapishi, ndoo yenye koki na sabuni inatosha, na chooni hata kibuyu chirizi, kile kidumu cha kuning'iniza chenye tundu la kutolea maji, kinakubalika kuliko kutokuwa na kitu. Sabuni iwepo kweli, sio kipande kinachotolewa siku ya mgeni.

Nataka nikae kwenye samaki kidogo mana huku ndo biashara yenyewe. Kuna jambo wengi hawalijui: jodari, vibua, nguru na jamii yao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria wanatengeneza sumu inaitwa histamini ndani ya nyama, na hiyo sumu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha wala kuweka kwenye barafu baadae. Samaki anaweza kuonekana mzima hanuki, ukamkaanga akaiva vizuri, mteja akila baada ya muda mfupi uso unamuwaka mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unaenda mbio, na watu wanasema ana mzio na samaki kumbe samaki alikaa juani kwenye mtumbwi kuanzia asubuhi. Dawa yake ni barafu tangu anatoka majini. Kwenye joto letu hili barafu iwe karibu uzito sawa na wa samaki, kilo kwa kilo, na barafu yenyewe itokane na maji salama mana ikiyeyuka inaingia kwenye nyama. Ukinunua pale pwani muulize mvuvi alitoka saa ngapi na alikuwa na barafu au hana, shika samaki, bonyeza mgongoni nyama irudi, fungua shavu uone wekundu, jicho liwe limetuna. Ukikuta uti umevunjika na ndani damu imevilia nyama imelegea, huyo huenda kapigwa baruti, achana nae, Tanga nzima inajua baruti ilivyotuharibia miamba. Na pweza chini ya nusu kilo haruhusiwi kwenye kanuni za uvuvi, usimpokee hata kama anauzwa rahisi.

Kasa usiguse kabisa. Ni kosa kisheria na anaua, Machi 2024 kisiwa cha Panza kule Pemba walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kula nyama ya kasa na wengine kibao wakalazwa, na ile sumu kupika hakuitoi. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, naye ana sumu, usikubali mtu akwambie yeye anajua kumtoa sumu.

Chakula kilichoiva kikae cha moto, nyuzi 60 na zaidi, au cha baridi, chini ya nyuzi 5, na kisikae hivi hivi mezani zaidi ya saa mbili. Wali wa nazi wa mchana ndo usiuze usiku kama umeshinda umefunikwa jikoni, nazi inachacha haraka mnajua wenyewe. Kachumbari mpaka maembe, vitu visivyopita motoni, vioshwe kwa maji salama na ubao wake wa kukatia uwe mwingine, sio ule uliotoka kupara samaki.

Watu wako wapimwe afya, wote, mpishi, muhudumu, muosha vyombo, na wewe mwenye mgahawa kama unashika chakula. Wanapima choo, mkojo na vingine kutegemea kituo, na kila baada ya miezi sita unarudia. Makaratasi ya majibu yakae palepale mgahawani kwenye faili, kila mtu na lake. Naomba sana hili msilifanye la kununua karatasi. Mtu anaweza kubeba vimelea vya homa ya matumbo na yeye mwenyewe haumwi, anakata kachumbari kila siku, na wanaoumia ni watoto wa mtaa wako huohuo. Na muhudumu akija anaharisha mpe ruhusa akapumzike na umlipe siku yake, mana ukimkata hela kesho ataficha aje hivyo hivyo.

Makaratasi mengine yanaenda hivi. Unahitaji namba ya NIDA, TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya TRA ambayo haina malipo, unakadiriwa kodi unapata hati ya kutodaiwa, mkataba wa pango kama sehemu sio yako, na kama utatumia jina la biashara badala ya jina lako basi BRELA wasajili hilo jina. Leseni ya mgahawa ni zile za kundi B zinazotolewa na halmashauri, maombi siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI, kama huna simu nzuri nenda ofisi ya biashara halmashauri watakusaidia kuingiza. Kuhusu usajili wa jengo la chakula, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019 mambo ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA, kwaiyo mtu akikwambia nenda TFDA ujue taarifa zake za zamani. Afisa afya wa halmashauri atakwambia kwa ukubwa wa mgahawa wako unatakiwa nini. Ukitaka kuuza bia hiyo ni leseni yake pembeni. Wenzetu wa Unguja na Pemba nyie mna sheria zenu na chakula kiko ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, msifuate hii ya bara.

Mama lishe mwenye kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, kile kitambulisho kinakusaidia usibughudhiwe kwenye biashara ndogo, lakini hakiondoi kupima afya wala usafi. Bwana afya akija usimuoneshe kitambulisho tu, muoneshe na cheti cha afya.

Malipo yote yanalipwa kwa control namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali, kwenye simu au benki au wakala, na unapata risiti yenye jina la halmashauri au taasisi husika. Hakuna ada ya serikali inayolipwa mkononi. Mtu akikwambia nipe nikuharakishie muombe control namba kwa upole tu, kama hiyo ada ipo kweli namba itatoka, na kama haipo mazungumzo yataisha hapohapo bila kugombana, mana mji ni mdogo na kesho mtakutana msikitini au kwenye kivuko.

Akija kukagua mkaribishe, tembea nae, usimuachie mtoto wa kazi. Akiona kasoro atakuandikia notisi, kasoro gani na siku ngapi za kurekebisha, isome kabla hajaondoka, usichoelewa muulize palepale, na nakala yako itunze. Ukiona siku hazitoshi, mfano kuhamisha shimo la choo, andika barua kuomba muda kabla siku hazijaisha na eleza umeanza nini, piga na picha. Mtu aliyeanza kazi anasikilizwa. Aliyekaa kimya mpaka notisi ikaisha anaweza kufungiwa, na akipelekwa mahakamani hana cha kuonesha.

Msimu wa mvua uwe macho zaidi. Mdudu wa kipindupindu anaishi vizuri kwenye maji ya mlango wa mto, pale chumvi na maji baridi yanapokutana, na mvua ikizidi vyoo vinafurika visima vinachafuka. Likitangazwa zuio la kuuza chakula mtaani, kama ilivyokuwa Dar 2015 na Zanzibar 2016, funga mara moja, usiuzie uani. Ukiwa na kibali, maji yenye dawa na sehemu iliyojengwa una nafasi nzuri ya kuruhusiwa kurudi mapema kuliko aliye kwenye meza barabarani.

Leseni ukishaipata ibandike ukutani panapoonekana, hilo ni sharti. Ni ya mwaka mmoja, na cheti cha afya ni miezi sita, kwaiyo tarehe hazilingani, ziandike zote mbili kwenye kalenda ya ukutani na uanze kushughulikia mwezi mmoja kabla, mana mtandao wa TAUSI nao una siku zake za kugoma. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, mteja akitaka kubeba chapati na samaki mfungie kwenye karatasi safi au aje na chombo chake, gazeti la zamani hapana, wino unaingia kwenye mafuta.

Kama uko Pangani, Kipumbwi, Mkwaja au Bweni na umekwama hatua fulani andika hapo chini umefika wapi na umeambiwa nini, nitajibu ninachokijua.