Kuotesha torenia kwa mbegu

Torenia ni ua la msimu mmoja lenye asili ya Asia, na Torenia fournieri, ambayo ndiyo hupandwa zaidi, hufika sentimita 20 hadi 30 tu. Maua yake ni ya zambarau na samawati, yenye doa la njano kwenye mdomo wa chini. Naipenda kwa sababu huchanua kivulini, pale ambapo maua mengi hugoma.

Ugumu wote uko mwanzoni. Mbegu zake ni vumbi kabisa. Ukizimimina moja kwa moja kutoka kwenye pakiti zitaanguka rundo moja. Zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu, kisha nyunyiza juu ya udongo uliochekechwa na kuloweshwa tayari. Usizifukie! Zinataka mwanga ndipo ziote. Zikandamize kidogo kwa kiganja, inatosha.

Maji ya juu yatazisomba, kwa hiyo nyweshea kutoka chini: tumbukiza trei yenye matundu ndani ya beseni lenye maji kidogo, subiri hadi uso wa udongo ugeuke rangi, kisha itoe. Funika kwa plastiki angavu na uiweke penye mwanga usio wa jua kali. Joto likiwa nyuzi 21 hadi 24 za Selisiasi, zitachipua baada ya wiki moja au mbili. Zikishachipua, funua kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Miche ikifunuliwa ghafla hunyauka. Ikiachwa chini ya plastiki, ukungu huozesha mashina usawa wa udongo na trei nzima hulala.

Hamisha miche ikiwa na jozi mbili za majani halisi, yaani yale yanayofuata vijani viwili vya kwanza vya mbegu. Ishike kwa jani, kamwe si kwa shina. Ikifika urefu wa kidole, kata ncha ili itoe matawi. Wengi huona huruma hapo, halafu wanabaki na mmea mrefu wenye maua machache juu.

Kuhusu maji, torenia hupenda udongo mbichi daima, lakini si tope. Chungu lazima kiwe na tundu. Mizizi ikikaa kwenye maji yaliyotuama huoza, na majani hulegea vilevile kama ya mmea wenye kiu, ndiyo maana mimi hutia kidole udongoni kabla ya kushika kopo. Jua la asubuhi ni jema, la mchana huunguza.

Ikichanua, chukua ujiti mwembamba uguse ncha ya stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, ile yenye midomo miwili midogo. Itajifunga mbele ya macho yako. Isipopata chavua, baadaye hufunguka tena.

Mbegu za msimu ujao zimo ndani ya vikombe vyenye mbavu vinavyobaki ua likidondoka. Vikigeuka kahawia, vikate juu ya karatasi, kwa sababu vikipasuka mmeani hutaziona tena. Za chotara usizitegemee: watoto hawatafanana na mama, na chotara nyingine hazizai mbegu kabisa. Kwa hizo kata kipande cha shina kisicho na ua, ondoa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji. Pingili hutoa mizizi bila kubembelezwa.