Akili mnemba ikikusifia, ishtukie

Mwezi uliopita niliiandikia ChatGPT: "Nataka kufungua banda la chipsi Tabata, hesabu yangu hii hapa, unaonaje wazo langu?" Ikanimwagia sifa mpaka nikaanza kuchagua rangi ya bango. Kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na ule mwezi mmoja wa dalali, haikuvigusa kabisa.

Programu hizi hufunzwa pia kwa maksi ambazo watu huyapa majibu yake, na sisi watu tunapenda kusifiwa. Aprili 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, waliirudisha nyuma GPT-4o, mojawapo ya akili mnemba zinazoiendesha ChatGPT wakati huo, siku chache tu baada ya kuiboresha, maana ilikuwa inasifia hata upuuzi.

Hatua ya 1: Usijitaje. Nilifungua mazungumzo mapya: "Shemeji anataka nimkopeshe milioni 3 afungue banda la chipsi. Hesabu yake hii hapa. Nimpe?" Hesabu ni ile ile, sikubadili hata shilingi. Safari hii ikaja na maswali: mafuta yakipanda je? Masika wateja watakaa wapi? Kodi mbona haimo? Niliona aibu, na shemeji mwenyewe hata hayupo.

Hatua ya 2: Usiitilie jibu mdomoni. Ukiuliza "Chipsi zinalipa, eti?" huenda ikakujibu ndiyo tu. Uliza: "Banda hili likifa ndani ya mwaka, litakuwa limeuawa na nini?"

Hatua ya 3: Iambie iseme "sijui" pale isipojua. Inasaidia kiasi.

MASWALI

Mdau, Mbagala: Mkuu, mimi huiuliza "una uhakika?" Ikiomba radhi, najua ilinidanganya.

Hapana, mkuu. Huweza kuomba radhi hata ilipokuwa sahihi, kwa kuwa tu umekunja uso. Uliza upya kwenye mazungumzo mengine, ulinganishe. Mambo ya kodi ya serikali nenda TRA.

Mdau, Kigamboni: Hiyo ya shemeji, si itakuegemea wewe mwenye hela?

Umenikamata, dada. Ndiyo maana niliuliza tena nikiwa mwenye fremu anayetafuta mpangaji. Kilichojirudia kote, yaani kodi na mvua, ndicho nilichokiamini.

Mdau, Gongo la Mboto: Nikiiambia ikosoe bila huruma?

Ukiagiza pilipili utaletewa pilipili, hata chakula kiwe kitamu. Iambie itenge kosa la kuua biashara na lile la kurekebisha kesho.

Mdau, Tabata: Sasa banda liko wapi tuje?

Bado. Natafuta fremu ya kulipa miezi mitatu mitatu. Ukiisikia, niambie kabla ya dalali.