Kumtambua Mnyama Aliyeharibu Miche na Miti ya Shamba

Mkulima wa Gede, Langobaya au Witu akikuta miche yake ya miembe imekatwa ncha, mara nyingi humlaumu paa papo hapo na kuanza kufikiria mtego. Lakini inafaa amjue kwanza mhalifu halisi, kwani kinga ya sungura haimzuii mbuzi, wala kinga ya mbuzi haimzuii tembo. Kwa hiyo, kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa waya, inafaa jeraha la mti likaguliwe kwa makini.

Anza na ncha ya tawi. Wanyama wote wanaocheua, yaani digidigi, paa, funo, pongo, nyati na twiga, pamoja na mbuzi na ng'ombe wetu wa nyumbani, hawana meno ya mbele katika taya la juu. Wana ufizi mgumu, nao hubana tawi kati ya ufizi huo na meno ya chini, kisha huvuta. Ndiyo maana ncha hubaki imechanika, ina nyuzinyuzi, na pengine ukanda wa gome unaning'inia upande mmoja. Sungura ana meno makali juu na chini, hivyo tawi alilokata huwa na mkato wa mshazari, laini kama wa kisu cha kupandikizia.

Baada ya hapo pima kimo cha jeraha, kwa kuwa mchaniko peke yake hauwezi kumtenga digidigi na mbuzi. Digidigi ana kimo cha sentimita 35 hadi 45 begani, na kwa kawaida uharibifu wake haupiti mita moja. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma na kufikia matawi yaliyo juu zaidi, tena hudondosha kinyesi ovyo huku akitembea. Digidigi hurudi mahali pamoja, kwa hiyo utakuta rundo la vinyesi vidogo ukingoni mwa shamba. Chunguza vijiti vilivyo karibu na rundo hilo: ukiona kwenye ncha tone jeusi linalonata, basi umemjua, kwa sababu digidigi huweka mpaka wake kwa kuingiza ncha ya kijiti katika tezi iliyo mbele ya jicho na kuipaka majimaji yake. Usipoona rundo wala tone, na miche imeliwa mchana, waulize kwanza wachungaji, kwa maana naamini paa hubebeshwa makosa mengi ya mbuzi.

Miongozo ya Ulaya na Marekani husisitiza magome yaliyosuguliwa na kulungu dume wa huko, ambaye huangusha pembe kila mwaka, huota nyingine, na husugua miti ili kuondoa ngozi inayozifunika. Paa na swala wetu hawaangushi pembe, kwa hiyo alama hiyo isiwe msingi wa uamuzi wako hapa Pwani.

Waharibifu wengine hawasumbui kuwatambua. Twiga, anayeonekana upande wa Witu na Mpeketoni, hukwangua majani ya juu kwa ulimi na kuacha vijiti vitupu. Tembo huvunja matawi mazima na kubandua gome kwa pembe. Nungu hutafuna gome la chini kabisa ya shina na kuacha mistari ya meno, huku akichimba muhogo ulio jirani. Makuti ya mnazi yaliyokatika kwa umbo la V ni kazi ya chonga, ambaye ni mdudu.

Jeraha la mwembe wa kupandikizwa lisicheleweshwe. Tazama kama ncha imeliwa juu au chini ya kiungo, yaani mahali tawi lilipopandikizwa. Ikiwa ni juu, kata sehemu iliyochanika kwa kifaa kikali, juu kidogo ya jicho lililo hai, nao mche utachipua tena aina ya mwembe uliyonunua, kama ngowe au apple. Ikiwa ni chini ya kiungo, machipukizi yatakuwa ya mti wa shina, yaani ule wa chini uliopandikiziwa, hivyo pandikiza upya au badilisha mche. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, sehemu ya juu hufa. Likibanduliwa upande mmoja, punguza kingo zinazoning'inia na uache jeraha likauke.

Kwa digidigi na sungura, zungushia kila mche wavu wa tundu ndogo wenye kimo cha mita moja, na ufukie ukingo wa chini. Matawi ya miiba yanafaa pia, mradi yasiguse majani.

Mtego haufai hata ndani ya shamba lako, kwani Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji. Sheria hiyo hiyo inaruhusu madai ya fidia ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama walioorodheshwa, wakiwemo tembo na nyati. Piga picha za majeraha, nyayo na vinyesi, ukiweka rula kando yake, kisha toa taarifa kituo cha Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) kilicho karibu kabla hujafyeka wala kung'oa chochote.